Kitanda Alichokwenda Nacho Verlyn

Nilimkuta Verlyn Tveit amelala chali kwenye sakafu ya gereji yake, juu ya karatasi kubwa ya kaki, anajaribu kujichora mwenyewe kwa penseli. Kichwa alikuwa ameshakimaliza, na bega moja. Kuanzia kiunoni kwenda chini mkono ulikuwa haufiki, naye alikuwa anajikunja na kujinyoosha na kuguna.

"Verlyn, unakufa?" niliuliza nikiwa mlangoni.

"Hapana, hapana. Napima."

"Unapima nini?"

"Urefu. Niko sawa kabisa, Hawa. Endelea na shughuli zako."

Shughuli zangu zilikuwa kumrudishia bakuli lake. Nililiweka juu ya meza ya kazi, nikampokonya penseli, nikapiga magoti, nikamchora. Mzee wa miaka sabini na moja, mrefu wa kuinama kwenye kila mlango, amefanya kazi miaka thelathini na moja kwenye ghala la nafaka la kando ya reli. Penseli ilipopita katikati ya buti zake alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na mimi nilitazama dari. Alipoinuka, upande mmoja wa karatasi palikuwa na mtu mrefu, na ubavuni mwake palibaki nafasi.

"Na hapa umemwachia nani?"

"Mito," alisema.

Huo ulikuwa mwezi wa kumi, mwaka wa pili tangu mkewe Ardis afariki. Verlyn alikuwa ameamua kutengeneza tela la kulalia, haya madogo yenye umbo la tone la maji, mbele duara na nyuma yamechongoka, ambayo wanaume wa Minnesota huyaunda kwenye magereji yao majira ya baridi wakati hakuna jingine la kufanya. Ndani ni godoro tu. Nyuma kuna mfuniko wa kuinua, na chini ya mfuniko kuna jiko na kabati la vikombe. Husimami humo. Unaingia kwa kutambaa na asubuhi unatoka kwa kutambaa. Mimi nauza mbao dukani pale mjini, kwa hiyo nimeshawahudumia wengi wenye ndoto hiyo, na nusu yao huishia kuwa na banda la kuku lenye magurudumu.

"Unataka kwenda wapi nalo?" nilimuuliza.

"Kwa Janelle. Mwezi wa sita."

Janelle ni binti yake, mtoto wa pekee, anaishi Montana ya magharibi, mwendo wa siku mbili kwa gari. Tangu mazishi ya mama yake hawakuwa wameonana. Hakukuwa na ugomvi. Walipigiana simu kila Jumapili wakaambiana hali ya hewa ya kila mmoja, basi.

"Kwa Janelle hakuna kitanda?"

"Vipo. Sitaki kumsumbua."

Hapo ningeweza kumpiga na ile penseli. Nimeishi mtaa huu miaka kumi na tisa na neno hilo ndilo lililonizeesha. Mwaka wangu wa kwanza, Verlyn na Ardis walikuja kunipa mkono wa ujirani, nikawaandalia chai ya maziwa na maandazi. Verlyn akasema, "Hapana, asante, tusikusumbue." Kwetu mgeni akikataa chai kwa uso mkavu namna ile, ama amefunga ama ana kinyongo. Sikutaka kumlazimisha mtu. Nikaondoa sinia, nao wakalisindikiza kwa macho mpaka jikoni. Wiki ile ile Ardis alinishika mkono nje ya posta.

"Mpenzi," aliniambia, "inabidi uulize mara tatu."

"Kwa nini mara tatu?"

"Ya kwanza tunakataa kwa adabu. Ya pili tunakataa kidogo. Ya tatu tunasema, haya, kama haitakusumbua."

"Na mtu akikataa na ya tatu?"

"Basi huyo kweli hataki. Usimuulize tena, utamkera."

Nilicheka mpaka watu wakageuka. Lakini nilijifunza. Dukani nauliza mara tatu kama mteja anataka kubebewa mbao, huku mikono imeshachoka kwa kuzishika. Nyumbani nauliza mara tatu kama mgeni atakula, na chakula kinapoa. Ardis mwenyewe nilimuuliza mara tatu kama nimletee uji hospitali. Alikubali ya tatu, akanywa vijiko viwili.

Kwa hiyo nilijua vizuri aina ya mtu aliyekuwa amesimama mbele yangu na vumbi la saruji mgongoni. Alikuwa anajenga nyumba nzima ili asimpe mwanawe kazi ya kutandika kitanda kimoja.

Ila fundi alikuwa fundi. Mbavu mbili za tela alizikata kwa pamoja, plaiwudi juu ya plaiwudi, zimebanwa na kibano kila shubiri, ili mkunjo wa kulia usizidi wa kushoto hata unywele. Alipiga msasa ule mkunjo jioni nzima, akiukagua kwa kiganja, amefumba macho. Chasi aliitoa kwenye tela la zamani la mashua la jirani aliyehamia Arizona. Mchoro ulitaka milango miwili, mmoja kila upande. Yeye aliweka mmoja.

"Wa pili autumie nani?" alisema, na hakuwa anatania.

Mwezi wa kwanza, siku ya baridi ile ya kugandisha kope, nilikuwa nakula nikasikia mlio kutoka ng'ambo ya barabara, kitu kimepasuka. Nilivaa koti la kwanza nililolikuta mlangoni nikakimbia. Nilimkuta Verlyn amesimama katikati ya mikanda, vibano na matofali. Plaiwudi nyembamba ya paa, ile ya kukunja, ilikuwa imevunjika katikati. Kazi ile inataka mikono minne: wawili mnashika ncha, mnaibembeleza taratibu juu ya mbavu mpaka ikubali. Yeye alitaka matofali yawe mtu wa pili.

"Kwa nini hukuniita?"

"Ulikuwa unakula."

"Ulijuaje ninakula?"

"Taa ya jikoni."

Nilimtukana kwa Kiswahili, maana kuna matusi ambayo Kiingereza hakiyawezi, naye alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia, "Ndiyo, inawezekana." Kesho yake nilikwenda bila kuitwa. Tuliloweka taulo kwenye maji ya moto, tukazitandaza juu ya plaiwudi mpya, tukangoja. Kisha yeye ncha hii, mimi ncha ile, tukaanza kushusha. Mbao ililalamika kidogo, ikainama. Kazi ile ilituchukua nusu saa nzima. Nikamwona anatabasamu peke yake, na nikafikiri huyu mtu hajagusana na mtu kwenye kazi yoyote tangu alipokuwa akimgeuza mkewe mgonjwa kitandani. Nilijisikia vibaya kwa matusi ya jana yake.

Tangu siku hiyo nikawa naingia pale gerejini kila jioni nikitoka kazini. Sikuwa naulizwa wala sikuuliza. Na mimi nyumbani kwangu hakuna mtu. Watoto wamekua wametawanyika, na baba yao aliondoka zamani. Mtu anaweza kuzoea harufu ya gundi ya mbao.

Jumapili ya Pasaka Janelle alipiga simu wakati tunapiga silikoni, ile gundi ya kuzibia maji, kwenye bawaba ya mfuniko wa nyuma, sehemu ambayo matela haya yote huvuja. Mikono ya Verlyn ilikuwa imejaa uchafu mpaka viwikoni, kwa hiyo mimi ndiye niliyeshika simu mbele ya mdomo wake, spika imefunguliwa.

"Baba, umefikiria ile habari ya mwezi wa sita?"

"Nakuja."

"Kweli?" Sauti ya binti ilipanda. "Chumba kipo, baba. Njoo ukae hata mwezi mzima."

"Usihangaike na chumba. Nakuja na kitanda changu."

"Kitanda chako," Janelle alisema.

"Natengeneza tela. Nitaegesha pale mbele ya gereji yako. Hutajua hata kama nipo."

Nilisikia mtu upande wa pili anavuta pumzi kwa pua.

"Sawa, baba. Kama ndivyo unavyotaka."

"Ndivyo."

Nilikata simu. Verlyn alikuwa anang'aa. "Umesikia?" aliniambia. "Amefurahi."

Mimi si mtu wa kunyamaza, muulize yeyote pale dukani. Siku ile nilinyamaza. Ile "sawa" niliisikia na haikuwa sauti ya mtu aliyefurahi. Lakini yeye alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona miaka miwili, na silikoni ilikuwa inakauka, na nikajiambia mambo ya baba na mwana hayanihusu. Nikaendelea kulainisha bawaba kwa kidole.

Aliondoka wiki ya pili ya mwezi wa sita. Tela lilipendeza, siwezi kusema uongo. Bati la alumini limekaa bila mkunjo hata mmoja, mbao za ndani zimepakwa vanishi mpaka unaziona zinarudisha uso wako, na jikoni vikombe viwili vimening'inia kwenye misumari. Nilimwuliza vya nini viwili, akasema kimoja kikivunjika. Alisema atakaa wiki tatu au mwezi. Aliniachia nyanya zake nizimwagilie, baada ya mimi kuomba mara tatu nizimwagilie.

Siku ya tisa nilitoka kwenda kazini nikaliona tela limeegeshwa mbele ya nyumba yake. Verlyn alikuwa analiosha, anakwangua wadudu waliogandia mbele.

"Umerudi mapema," nilisema.

"Ndiyo, basi. Nyanya."

"Nyanya zina nini? Nimezimwagilia kila siku."

"Nimeona. Zimependeza."

Nilimuuliza habari za safari. Alinisimulia kituo kimoja cha kambi cha Dakota Kaskazini, ambako alikuta watu wengine kumi na mmoja wenye matela kama lake. Desturi yao asubuhi ni kufungua mfuniko wa jiko na kuuacha wazi, na anayepita ana ruhusa ya kusimama akaangalia, akauliza bawaba umeifunga vipi, maji unayaweka wapi. Watu walipiga foleni kuangalia paa lake. Mama mmoja wa Iowa alipitisha kiganja kwenye ule mkunjo akasema hajaona mzuri zaidi. Verlyn alizungumza na watu asiowajua saa nzima, yeye ambaye maneno yake ya mwezi unaweza kuyahesabu.

"Na Janelle?"

"Mzima. Nyumba nzuri. Ana paka."

Alirudia kukwangua wadudu.

Habari iliyobaki ilitoka vipande vipande, na ilichukua mwezi mzima kutoka. Alikaa kwa Janelle usiku tatu. Usiku zote tatu alilala kwenye tela, pale mbele ya gereji. Akiingia ndani kwenda bafuni alipita mlango wa kile chumba, ulikuwa wazi. Kitanda kimetandikwa, juu yake lile tandiko la viraka alilolishona Ardis, na taulo imekunjwa juu ya mto. Asubuhi alijikaangia mayai yake kwenye jiko la tela ili Janelle asihangaike kupika. Janelle alikuwa anasimama dirishani na kikombe chake, anamwangalia.

"Siku ya kwanza jioni alitoka nje na blanketi," Verlyn alisema. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yake, tunakata maharage mabichi. "Akauliza kama nitapata baridi. Nikamwambia sitapata. Akasimama pale kidogo. Akasema usiku mwema."

"Halafu?"

"Akaingia ndani." Alikata harage, akakata jingine. "Hakuniuliza, Hawa. Kama nilale ndani. Hata mara moja. Nilingoja siku zote tatu."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Siku ya nne nikasema, haya, basi, barabara ni ndefu. Akasema, ndiyo, ni ndefu. Tukapeana mkono."

Nilikasirika mpaka kisu kikanikata. Mtoto gani huyu! Baba amevuka majimbo mawili, amefika mlangoni, halafu unamwacha alale nje kama fundi bomba aliyechelewa basi! Nilimsema Janelle siku ile na siku zilizofuata, nikamsema kwa wenzangu dukani, nikamsema peke yangu nikiosha vyombo. Verlyn hakumsema. Alikuwa anakonda tu. Jioni akawa hafungui tena gereji, na nilipopita nilimwona kwenye kiti chake amekaa, televisheni imezimwa.

Katikati ya mwezi wa tisa simu ya dukani ililia, nikapokea mimi.

"Hawa? Ni Janelle, binti wa Verlyn. Baba hapokei simu tangu jana. Mzima?"

"Mzima. Nimemwona sasa hivi nikirudi kazini, yuko juu ya ngazi anasafisha mifereji ya paa."

"Oh, asante. Samahani kukusumbua."

Angekata simu hapo, na mambo yangebaki yalivyo mpaka mzee afe. Lakini mdomo wangu haukungoja ruhusa.

"Janelle, nikuulize. Kwa nini ulimwacha baba yako alale nje?"

"Mimi nimemwacha?" alisema. "Hawa, nilimwomba mara tatu. Siku ya mazishi nilimwomba aje kwangu akae majira yote ya baridi. Akasema theluji ataizoa nani. Nikanunua nyumba yenye chumba cha ziada, nikakipaka rangi, nikamtumia picha. Akasema nisijisumbue. Pasaka nikamwomba tena. Unajua alinijibu nini? Kwamba anajenga nyumba yake mwenyewe ili asilale kwangu."

Nilikuwa najua. Pasaka ile mimi ndiye niliyeshika simu.

"Hiyo ilikuwa ya tatu," Janelle alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Ulitaka nimwombe ya nne? Mama alinifundisha hivyo? Nilitandika kile kitanda, nikaacha mlango wa nyuma wazi siku zote tatu. Nilikuwa nalala nikimwangalia kwenye kile kisanduku chake, hatua ishirini kutoka dirishani kwangu, nikajisemea, sawa, hanitaki."

Sikumbuki nilimuaga vipi. Nilimwachia mwenzangu mteja katikati ya hesabu ya misumari, nikatembea mtaa mzima na aproni ya duka. Aibu ilikuwa inanichoma. Mwezi mzima nimemsema binti wa watu, na mimi ndiye niliyeisikia ile "sawa" kwa masikio yangu mawili.

Verlyn alikuwa juu ya ngazi, glavu zimejaa majani mabichi ya mfereji.

"Shuka," nilisema.

"Nimalizie kipande hiki—"

"Shuka, Verlyn."

Alishuka. Nikamhesabia kwenye vidole vyangu, mbele ya pua yake. Mazishi, kimoja. Picha ya chumba, viwili. Pasaka, vitatu.

"Pasaka nilikubali," alisema.

"Ulikubali nini?"

"Kwenda. Ile ilikuwa ya tatu. Ya tatu ni kukubali."

"Ulikubali kusafiri. Chumba ulikikataa. Ulisema unakwenda na kitanda chako."

"Nilisema hivyo ili asi..." Akaishia hapo. Aliangalia vidole vyangu, ambavyo bado vilikuwa hewani. Kisha akaenda mpaka kwenye tela, akakaa juu ya kile chuma cha mbele cha kulifungia kwenye gari, mzito, magoti yamemfika kifuani.

"Alidhani sitaki," alisema.

"Alidhani hutaki."

"Miezi minane nimekaa mle ndani napiga msasa," alisema Verlyn, "nikiwaza jinsi atakavyofurahi." Alivua glavu moja, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, hakujificha. Sijawahi kumwona akilia, hata siku ya Ardis. Nilitamani kukaa karibu naye lakini kile chuma kinatosha mtu mmoja.

"Mpigie," nilisema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba unataka kulala ndani ya nyumba yake."

"Hawa, mimi siwezi kumwomba mtu—"

"Najua huwezi. Mwombe hivyo hivyo."

Alitoa simu. Akagusa pasipo, spika ikafunguka. Hakuona, au hakujali. Janelle alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Baba?"

"Ni mimi. Kile chumba, Janelle. Nilikuwa nakitaka. Tangu siku ile ya mazishi nilikuwa nakitaka. Nilikuwa nangoja uniulize tena."

Kule upande wa pili nilisikia kilio kilichochanganyika na kicheko, sauti mbaya, ya mtu aliyeshikwa bila kujiandaa.

"Oh, baba," Janelle alisema. "Nimekipangisha. Kuna mwalimu ameanza kazi hapa. Amehamia Jumamosi. Sikuweza kuendelea kukiangalia kile kitanda kitupu."

Verlyn alifumba macho.

"Haya," alisema. "Si neno. Mwalimu ni mtu mzuri."

"Kuna kochi sebuleni. Fupi, miguu yako itaning'inia. Na paka hulala hapo. Utakuja?"

Nilikuwa namwangalia mdomo. Niliiona ile "hapana, usijisumbue" ikipanda kooni, ikafika kwenye meno, miaka sabini na moja ya "hapana" yote kwa pamoja. Akajiziba mdomo kwa mkono uliobaki na glavu, majani na matope yote usoni. Akakaa hivyo. Nilihesabu magari mawili yaliyopita barabarani. Kisha akashusha mkono.

"Ndiyo," alisema. "Nakuja."

"Baba," Janelle aliuliza, "unaumwa?"

"Siumwi. Nitakuja Alhamisi."

Alhamisi ile aliondoka na begi moja, tope lile la mfereji bado liko kwenye kola ya koti. Nilimuuliza kama nimfungie chakula cha njiani, nikajiandaa kuuliza mara mbili zaidi, lakini akasema ndiyo, nikabaki nimesimama, sina hata mkate tayari. Nyuma ya gari hakukuwa na kitu. Tela tulikuwa tumelisukuma gerejini, tukalifunika turubai, na ufunguo akaniachia mimi.

Theluji ya kwanza ilianguka akiwa bado huko, kwenye kochi. Hajasema atarudi lini na mimi sijamuuliza. Jioni nikitoka dukani nakata kona kuelekea gerejini kwake kwa mazoea, halafu nakumbuka. Leo asubuhi nimezoa theluji ya mlangoni kwangu, nikavuka barabara, nikazoa na ya kwake.